Beer-sheba ilikuwa ya Yuda au ya Simeoni? Wakuu naomba kueleweshwa

MkaziWaGoba

Wakuu salama? Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatano nikaona nililete humu, maana najua wapo wanaosoma Biblia mpaka zile sura ambazo wengine wetu tunazirukaga.

Iko hivi. Mtaani kwetu tuna ibada ya nyumba kwa nyumba, zamu ya kufundisha ikaniangukia mimi, na sijui nani alinituma nikachagua kitabu cha Yoshua. Akili yangu ilikuwa kwenye kuta za Yeriko, nazungumza pale kidogo, watu wanasema amina, tunakunywa chai tunatawanyika. Sasa tumefika sura ya 15, pale makabila ya Israeli yanapogawana nchi, ile yenye majina ya miji ya kabila la Yuda yamebanana kama matokeo ya darasa la saba ubaoni, nikasema jamani hapa tupite tu. Kuna dogo mmoja anasoma chuo, mkimya kweli yule, akanyoosha mkono, "Mwalimu, mbona Beer-sheba hapa ni ya Yuda halafu sura ya 19 ni ya Simeoni?" Nikamjibu fasta kwamba hizo ni Beer-sheba mbili tofauti. Wakuu nilidanganya, Mungu anisamehe, nilikuwa nataka chai.

Nimefika nyumbani usingizi hauji. Nikachukua risiti ya luku nikawa naandika nyuma yake majina ya sura ya 15 upande huu na ya sura ya 19 upande huu. Yaliyofanana nimepata 11! Beer-sheba, Molada, Hasar-shuali, Esemu, Eltoladi, Horma, Siklagi, Aini, Rimoni, Etheri na Ashani. Na la 12 ukilazimisha, maana huku kumeandikwa Baala na kule Bala. Kwa hiyo sio bahati mbaya ya mji mmoja, ni mafungu mawili yamegawiwa ardhi ileile.

Sasa huku kwetu Goba ukikuta kiwanja kimoja kina karatasi mbili za mauziano ujue kuna mtu kaingizwa mjini. Je kwa hawa ndugu ilikuwaje? Waliishi pamoja, au mmoja alimpora mwenzake, au mwandishi alichanganya mafaili? Kesho kutwa Jumatano tena na yule dogo atakuwepo. Nawasilisha.

kahawa_na_kashata

Nimekaa paleee siti ya mbele nawasubiri wenye ufahamu. Ila mwalimu kudanganya kisa chai aisee 😂😂

MpimaMstaafu

Mkuu kwanza hongera kwa hiyo risiti ya luku, wengi hata hilo hawafanyi. Mimi nimezeekea kwenye kazi ya kupima viwanja, nimesimika bikoni mpaka mgongo umepinda, kwa hiyo hizi sura mnazoziruka ndizo ninazozipenda, kwangu ni kama kusoma kitabu cha kazi.

Jibu la haraka lipo kwenye sura ileile ya 19 aya ya 9. Simeoni alikatiwa urithi wake ndani ya sehemu ya Yuda kwa sababu Yuda alipewa eneo kubwa kupita mahitaji yake. Basi. Hakuna karatasi mbili za mauziano hapo, ni sawa na mzee ana eka kumi zenye mipaka yake, halafu familia inakaa inaona hizi zimezidi, mdogo mtu anakatiwa eka mbili kule katikati. Ukiuliza eneo lile ni la nani utaambiwa la mzee fulani, ukiuliza hizo eka mbili ni za nani utaambiwa za mdogo wake. Majibu yote mawili ni ya kweli ila umeuliza maswali mawili.

Angalia na utaratibu wao ulivyokuwa maana watu wanadhani walirusha kura tu kama wacheza bahati nasibu. Yuda na wana wa Yusufu (yaani Efraimu na Manase) walishapata sehemu zao mapema. Yakabaki makabila 7 hayana kitu, yamekaa tu Shilo, na Yoshua anawauliza mtazembea mpaka lini. Sura ya 18 hiyo. Akasema toeni watu watatu kila kabila, nendeni mkatembee nchi, muiandike mji kwa mji kwenye kitabu, muigawe mafungu 7, halafu mniletee hapa ndipo nipige kura mbele za Bwana. Yaani upimaji kwanza, kura baadaye! Niliposoma hapo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana nimeona miradi ya viwanja ambako kura ilitangulia, pesa zikatangulia, na mpimaji ndio akaitwa mwisho kuja kutafuta kiwanja chenyewe kiko wapi.

Simeoni kura yake ilikuwa ya pili katika hizo 7, na walipoangalia ramani eneo likaonekana liko kwa Yuda. Sasa kwa nini Simeoni akubali kuwa wa ndani ya uzio wa mwenzake? Idadi. Kitabu cha Hesabu kina sensa mbili. Ya kwanza sura ya 1, Simeoni wana wanaume wa vita 59,300, ni kabila la tatu kwa ukubwa. Ya pili sura ya 26, wamebaki 22,200, wa mwisho kabisa. Yuda wao walitoka 74,600 wakafika 76,500. Katikati hapo kuna lile pigo la sura ya 25 lililoua watu 24,000 kwa kosa la kufuata wanawake na miungu ya Moabu, na mkubwa aliyetajwa kwa jina kwenye kosa lile, Zimri, alikuwa mtu wa Simeoni. Biblia haisemi moja kwa moja kwamba waliopungua walikufa pale, wasomaji ndio wanaunganisha. Na amri ya sura ya 26 inasema walio wengi wapewe eneo kubwa na wachache wapewe dogo.

Halafu hawakuwa wageni kwa wageni. Waamuzi sura ya 1, kabla hata ya kwenda vitani Yuda anamwita Simeoni ndugu yake twende wote kwenye sehemu yangu nami nitakwenda nawe kwenye yako, na wakaupiga pamoja mji uliokuja kuitwa Horma. Huo Horma upo kwenye risiti yako ya luku mkuu.

shangazi_wa_Ilala

Mimi wa dini nyingine ila nimefurahia uzi 😄 Nyumba ya babu yetu huku Ilala ina vyumba sita, warithi tisa, choo kimoja. Faraidhi ilishapigwa na shekhe, kila mtu anaijua sehemu yake kwa hesabu kabisa, lakini ukija na kunguni wako wa kuuliza "nyumba ya nani hii" asubuhi atakujibu baba mkubwa ni yangu, mchana atakujibu mama mdogo ni yangu, na mpangaji wa uani naye ana la kusema. Hao Yuda na Simeoni walipewa nchi nzima wanashindwaje kuelewana, waje wafue hapa siku ya maji.

Msoma_Mawe

Mzee Mpima umeeleza vizuri ila naomba niongezee chumvi, na wengine mtanisamehe maana naonekana kama napinga.

Hoja ya kukatiwa ndani ya Yuda inamaliza Simeoni. Haimalizi mingine. Ekroni iko kwa Yuda sura ya 15 na iko kwa Dani sura ya 19. Sora na Eshtaoli vilevile. Kiriath-yearimu inaitwa mji wa Yuda halafu kwenye orodha ya Benyamini kunatajwa Kiriathi. Ng'ambo ya Yordani, Hesabu 32 inasema Diboni na Aroeri walizijenga Gadi, ukija Yoshua 13 zimewekwa kwa Reubeni. Heshboni ni ya Reubeni sura ya 13, ikifika sura ya 21 inatolewa kwa Walawi (kabila la watumishi wa ibada) kutoka fungu la Gadi. Hapo hakuna aliyesema "ilikuwa kubwa kwao".

Mimi ninavyoona, na wapo wataalamu wa zamani kama Mjerumani Albrecht Alt waliosema hivyo tangu miaka ya 1920, hizi orodha hazikuandikwa siku moja. Ile ya Yuda imepangwa kwa majimbo, kusini, tambarare, milimani, nyikani, kila jimbo na jumla yake ya miji, inafanana na daftari la serikali la wakati wa wafalme kuliko kumbukumbu ya siku ya kura. Na jumla zenyewe zina vituko. Yoshua 15:32 inasema miji ya kusini ni 29, hesabu majina yaliyoandikwa juu yake utavuka 30. Kuna mkono umeongeza majina bila kurekebisha jumla, mtu yeyote aliyewahi kukabidhiwa daftari la michango ya harusi katikati ya safari anaijua hali hiyo.

Mkuu wewe si uko Goba? Angalia karatasi yako ya kununulia kama ni ya kabla ya 2015, itakuwa imeandikwa Goba, Wilaya ya Kinondoni. Jirani yako aliyenunua juzi yake inasema Goba, Wilaya ya Ubungo. Miaka 500 ijayo mtu akizikuta zote mbili atasema hawa watu walikuwa wanagombania Goba. Kumbe hamna hata ngumi moja iliyorushwa, ni wilaya tu ilizaliwa. Beer-sheba naiona hivyo. Simeoni waliikaa mwanzo, wakayeyuka taratibu ndani ya Yuda, daftari la baadaye likaandika Yuda. 1 Mambo ya Nyakati 4 inapoitaja miji ya Simeoni inasema kabisa hiyo ilikuwa miji yao hadi Daudi alipotawala. Maneno hayo huyaandiki kama bado ni yao.

Na Siklagi ndiyo usiseme. Kwa Yoshua ni ya Yuda na ya Simeoni. Ukija 1 Samweli 27 inakaliwa na Wafilisti, Akishi mfalme wa Gathi anampa Daudi aishi pale, na mwandishi anaongeza kwamba kwa hiyo Siklagi ni mali ya wafalme wa Yuda hadi leo. Mji mmoja, wenyewe wanne!

Kuna na ushahidi wa nje. Lile jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, lilipatikana Dhiban kule Yordani mwaka 1868, sasa lipo Louvre Paris. Mesha mwenyewe, adui, anasema watu wa Gadi waliishi nchi ya Atarothi tangu zamani. Reubeni hamtaji. Kwa hiyo kwenye karatasi kulikuwa na Reubeni eneo lile, lakini jirani aliyekuwa anapigana nao alikuwa anawaona Gadi.

MpimaMstaafu

Msoma Mawe sikukatalii kuhusu madaftari, nimefanya kazi na ramani za miaka tofauti najua yanavyokuja. Ila usiyafanye yote kuwa makosa ya karani. Mingine ilikuwa miji ya mpakani kweli. Yerusalemu kwa mfano, Yoshua 15:8 mstari wa mpaka wa Yuda unapita bonde la mwana wa Hinomu upande wa kusini wa mji, yaani mji wenyewe umebaki nje, ni wa Benyamini. Bado aya ya 63 inasema Yuda walishindwa kuwatoa Wayebusi wa Yerusalemu, na Waamuzi 1:21 inasema Benyamini walishindwa. Wote wawili walikuwa wanautaka, wote wawili wakashindwa, na wote wawili wakaishi na Wayebusi mpaka Daudi alipokuja kuuteka. Kule kwetu tunaita eneo lenye mgogoro, unaliandika hivyohivyo unaondoka.

Ma_Koku

Habari zenu wanangu. Mimi ni mama wa Kihaya nipo Mbezi huku miaka mingi, naona mnazungumza Yuda Yuda tu wakati utamu wote uko kwa Manase.

Someni Yoshua 17. Nchi ya Tapua, yaani mashamba, ilikuwa ya Manase. Mji wa Tapua wenyewe uliokuwa mpakani ulikuwa wa Efraimu. Imeandikwa wazi kabisa, aya ya 8. Asubuhi mtu wa Efraimu anafungua mlango wake, akivuka geti la mji tu anakanyaga shamba la mtu wa Manase. Na aya ya 11 Manase naye ana miji ndani ya Isakari na Asheri, Beth-sheani, Ibleamu, Dori, Endori, Taanaki, Megido. Kwa hiyo Msoma Mawe mwanangu hapo karani hajakosea, amejua anachoandika. Walikuwa wanatenganisha mji na shamba la mji.

Hilo sisi wenye kibanja tunalielewa bila kufundishwa. Kibanja ni migomba ya ukoo, makaburi yapo mle, nyumba unaweza kujenga wewe na ukakaa wewe lakini ukitaka kuuza wanakuja watu hata hujawahi kuwaona wanasema subiri kwanza.

Na ndani ya sura hiyohiyo wapo wale wasichana watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Kisa chao kinaanzia Hesabu 27. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, wakaenda kusimama mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote, mlangoni pa hema, wakasema kwa nini jina la baba yetu lifutwe kisa hana mwana. Mungu akasema wana haki, wapewe. Wakapewa kweli. Manase wa magharibi ya Yordani akapata mafungu kumi kwa sababu wale mabinti wamehesabiwa. Lakini msiishie hapo kama wahubiri wanavyoishia! Hesabu 36 wazee wa ukoo wao wakarudi kwa Musa wanalalamika, hawa wakiolewa kabila lingine ardhi itaondoka nao. Ikaamuliwa waolewe humohumo kabilani, wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Ardhi ikabaki.

Mimi nikisoma hapo sijui nicheke au ninune. Kwetu mwanamke alikuwa anakaa kwenye ardhi ya ukoo na kula ndizi zake lakini kuuza hapana, iliandikwa mpaka kwenye sheria za mila za mwaka 1963. Mwaka 1990 ndipo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua ile kesi ya Ephrahim na Pastory, mwanamke wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, jamaa wa ukoo akashtaki, jaji akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Mama yangu alipopata habari ile aliuliza swali moja tu, "Sasa hao wanaume watakomboa na nini?" maana hela za kukomboa hawakuwa nazo.

kahawa_na_kashata

Ma Koku shikamoo. Hapo kwenye mji na shamba la mji nimeelewa kuliko miaka yote ya Sunday skuli. Swali: Walawi je? Si walinyimwa ardhi, mbona wana miji 48?

Ma_Koku

Marahaba baba. Walinyimwa fungu la kabila, hawakunyimwa pa kulala. Yoshua 21, miji 48, imetolewa na makabila yote, 6 kati yake ni ya makimbilio kwa aliyeua bila kukusudia: Kedeshi, Shekemu, Hebroni, na ng'ambo Bezeri, Ramothi na Golani. Mji na malisho kuuzunguka, Hesabu 35 inasema dhiraa 2,000 kila upande, kama mita 900 hivi (aya ya juu yake inasema 1,000, hiyo nayo ungeanzishiwa uzi wake).

Mfano mzuri kuliko yote ni Hebroni. Kalebu mzee wa miaka 85 aliudai ule mlima akapewa, sura ya 14. Halafu sura ya 21 Hebroni wanapewa wana wa Haruni, yaani makuhani. Kalebu kanyang'anywa? Hapana, aya ya 12, mashamba ya mji na vijiji vyake akabaki navyo Kalebu. Kuhani amekaa mjini, amezungukwa na malisho yake, na nje ya hapo migomba, samahani mizabibu, yote ni ya Kalebu. Na nyumba ya Mlawi ilikuwa na kinga yake, Walawi 25. Mtu wa kawaida akiuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta ana mwaka mmoja wa kuikomboa, ukipita imekwenda moja kwa moja, hata mwaka wa yobeli (ule wa hamsini, ardhi inaporudi kwa wenyewe) hairudi. Mlawi anaikomboa wakati wowote, na malisho yake hayauzwi kabisa.

MkaziWaGoba

Wakuu nimerudi, ni Jumatano usiku. Shukrani kwenu wote.

Nilianza kwa kuomba radhi mbele ya watu, nikasema hakuna Beer-sheba mbili. Dogo akatabasamu tu. Nikawapa aya ya 9 ya Mzee Mpima, nikawapa Goba ya Kinondoni na Goba ya Ubungo (hapo baba mwenye nyumba akainuka akaenda chumbani akarudi na karatasi yake ya 2009, kweli Kinondoni!), nikawapa Tapua ya Ma Koku, wamama wakaishika hiyo hiyo hawakutaka kuiachia, tukatumia nusu saa kuongelea nani ana shamba wapi Moshi na nani kanyimwa. Chai ilipoa.

Mwisho dogo akauliza tena. Kama Sora na Eshtaoli zilikuwa za Dani na za Yuda, Samsoni alikuwa anaishi kwa nani?

Msoma_Mawe

Huyo dogo mleteni humu 😂

Samsoni ni wa Dani, kwao ni Sora, akazikwa kati ya Sora na Eshtaoli kwenye kaburi la baba yake. Lakini watu wake walikuwa wamebanwa pale, Waamuzi 18 wanatuma wapelelezi watano kutafuta pengine pa kuishi, wanaume 600 wanaondoka na silaha, wanapiga kambi Kiriath-yearimu katika Yuda mpaka pakaitwa kambi ya Dani, halafu wanapanda kaskazini kabisa wanaiteka Laishi wanaiita Dani. Waliobaki nyuma wakawa chini ya Yuda, ndio maana daftari la Yuda lina miji ile. Na mtu asifikiri kukaa pamoja kulikuwa kwa kupendana, sura ya 15 watu 3,000 wa Yuda ndio waliomfuata Samsoni pangoni Etamu, wakamwambia hujui Wafilisti wanatutawala, wakamfunga kamba mbili mpya wakampeleka.

MkaziWaGoba

3,000 kumfuata mtu mmoja! Hiyo naanza nayo Jumatano ijayo. Mzee Mpima kama una ramani nzuri ya makabila naomba unitumie, hii iliyo nyuma ya Biblia yangu imempaka Simeoni rangi ya njano peke yake katikati ya Yuda kama kiini cha yai, na Tapua hata nukta hawajaiwekea.

MpimaMstaafu

Hiyo njano futa kichwani. Nakuchorea kwa mkono, mistari ya Simeoni nitaiweka ya kukatika-katika. Nipe mpaka Jumapili, miwani iko kwa fundi.